Kidole Kinywani mwa Ndama

Siku mliyoniaga mlinipa vitenge, saa ya ukutani na hotuba nyingi. Saa naishukuru, ingawa nashangaa mtu anaambiwa akapumzike halafu anapewa saa. Katikati ya wali na soda kijana mmoja wa kata akaniuliza: "Mama, katika miaka yako yote ya kazi, ni ugonjwa gani ulikusumbua kuliko yote?" Nilijua anasubiri niseme kimeta, au ndigana kali, au ile homa ya mapafu iliyotufungia minada. Nikamjibu, "Taya." Watu wakacheka, muziki ukafunguliwa, na mimi sikupata nafasi ya kueleza. Naeleza hapa sasa, kwa mwendo wangu, na mwenye haraka arudi kwenye kishikwambi chake.

Vyeo sitaviandika. Vilikuja, vingine vikichelewa, na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyewahi kuniuliza nina cheo gani.

Nilifika Iyula msimu wa mvua, nimetoka chuoni moja kwa moja. Mimi ni mtu wa Manyoni, nimekulia kwenye jua na vumbi, na hakuna aliyenionya kwamba Mbozi mtu analala na sweta. Nilishuka kwenye lori nikiwa na begi, ndoo, na mabuti ya mpira yanayonizidi. Akina mama waliokuwa wakipalilia mahindi kando ya barabara walinipokea vizuri sana. Mmoja akasema, "Tumeambiwa Bwana Mifugo anakuja leo. Umepanda naye?" Nikasema ndiye mimi. Wakachungulia nyuma yangu. Mwingine, kwa huruma tu, akaniuliza, "Basi mume wako atafika lini?" Ilichukua muda kuelewana, na walipoelewa hawakutaka kulitupa jina walilolizoea, wakalifanyia nyongeza. Nikawa Bwana Mifugo Mama. Nimestaafu na jina hilo, na watoto wa wale akina mama wananiita hivyo hadi leo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Haonga, Mnyiha wa palepale, bwana mifugo aliyekuwa karibu kustaafu. Alikuwa mwembamba, koti lake kubwa, maneno yake machache, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama vilima vya kwao. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye zizi ambalo ng'ombe alikuwa ametoka kuzaa. Nikafungua begi langu kwa fahari: kipimajoto, sindano, daftari za chuo. Akaangalia vyote, akafunga begi.

"Osha mikono," alisema.

Nikaosha.

"Sasa kidole. Mdomoni kwa ndama."

Nilidhani ananitania. Lakini ndiyo kazi aliyoifanya kwa kila ndama mchanga aliyemkuta, hata kama ameitwa kwa ajili ya kuku. Unapitisha kidole pembeni mwa mdomo, kucha ziwe fupi. Cha kwanza unasikia joto. Mdomo wa baridi ni ndama anayeondoka, usipoteze muda na maswali. Cha pili, ananyonya? Ndama mzima atakivuta kidole chako mpaka uone aibu. Halafu unapanda juu kwenye kaakaa, unalipapasa lote, lisiwe na ufa. Halafu unashuka mbele: meno ya chini yapo, laini, na yanagota kwenye ufizi mgumu wa juu. Yakigota nyuma ya ufizi, taya la chini ni fupi. Yakipitiliza mbele, ni refu. Yakienda upande, limepinda. "Ndama hasemi," Mzee aliniambia, "lakini ukimpa kidole anakujibu."

Hapo kwenye ufizi wa juu lazima nisimame kidogo, maana wengine mmesoma kwa picha. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Hajawahi kuwa nayo, na Mungu hakusahau. Mfanyabiashara mmoja wa Tunduma, mtu wa maduka, alinunua ng'ombe wake wa kwanza mnadani, akamfungua mdomo akiwa ameshafika naye nyumbani Chapwa. Akanipigia simu kwa hasira: "Mama, nimeuziwa bibi! Juu hana hata jino moja." Nikamwambia amfungue mdomo ng'ombe wa jirani. Akaenda, simu ikiwa sikioni. "Na huyu pia wamemuuzia bibi," akasema. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini si mara zote nilicheka. Kuna ndama anayezaliwa na kaakaa lililopasuka. Ananyonya kwa bidii zote, na maziwa yanatoka puani. Mwenye ng'ombe anafurahi kwamba anakula, hajui kwamba maziwa yanaingia kwenye mapafu. Huyo nilimwambia mwenyewe ukweli palepale, kwa upole, na tukamaliza mateso ya ndama siku ileile. Kuna anayezaliwa taya limepinda upande, ulimi unaning'inia nje kama amechoka kusema. Kuna wenye taya fupi kidogo tu, ambao wakikua linajirekebisha na hakuna anayekumbuka. Na kuna wa taya fupi kabisa, hawezi kuikamata chuchu. Analamba, anateleza, anasukuma kiwele kwa paji la uso, na mama yake anamgeukia akimlamba mgongo asielewe mwanawe anataka nini. Huyo mkamulieni dang'a upesi, yale maziwa mazito ya kwanza, mumpe kwa chupa au kwa ndoo mkiwa mmemtangulizia kidole. Anaweza kuishi. Atakuwa mzigo, lakini anaweza kuishi.

Niliyasema haya kwa wafugaji, na kila mara waliniuliza swali moja: imetoka wapi? Na mimi nilijibu kama nilivyofundishwa, kwamba sababu ni nyingi. Mama anaweza kuwa alikula majani mabaya akiwa na mimba changa, au alikosa madini, au aliugua homa. Na nyingine ni damu, inatoka kwa wazazi. Nilisema "damu" mwishoni kabisa, kwa sababu neno hilo kijijini lina miguu, linatembea lenyewe usiku na mchana.

Mzee Haonga alistaafu, akabaki Iyula na kahawa zake. Wakati huohuo mradi mmoja ulileta kwenye kikundi cha akina mama mitamba michache ya maziwa na dume mmoja. Dume akapewa Mzee amtunze, nani mwingine angepewa? Watu wakamwita Meneja, kwa sababu alitembea polepole, tumbo mbele, na kila mtu alimpisha njia. Mzee alimpenda. Asubuhi alimsugua kwa brashi, akamsemesha Kinyiha, na mkewe alisema hadharani kwamba yeye hajawahi kusuguliwa mgongo kiasi kile.

Sharti la mradi lilikuwa jepesi: ng'ombe wako akizaa ndama jike wa kwanza, akishaachishwa maziwa unampitisha kwa familia inayofuata. Asiyepitisha ananyang'anywa ng'ombe. Watu wa Iyula walilichukua sharti hilo la kwenye karatasi wakalifanya sherehe. Ndama alifungwa kitenge shingoni, akasindikizwa kwa nyimbo, akapokelewa kwa chai na maandazi. Na kwa kuwa binti ametoka nyumba moja kwenda nyingine, aliyetoa na aliyepokea waliitana wakwe tangu siku hiyo. Wakwe kwelikweli. Walizikana, walichangiana harusi, walioneana haya. Ukipita njiani unasikia, "Habari za asubuhi, mkwe?" Mimi nilikuwa nimehamishiwa sehemu nyingine kwa muda, nikarudishwa, kabla ya mradi huo kukolea, na sijaona popote ng'ombe wakiunganisha watu namna ile. Nilikuwa na wivu kidogo, nasema ukweli. Nilikuwa mgeni asiye na ng'ombe, na hakuna aliyeniita mkwe.

Katika kikundi alikuwemo mjane mmoja, Mnamwanga wa Chapwa aliyeolewa Iyula. Watu walimwita kwa jina la ukoo wake, Namfukwe. Kwa Wanamwanga kaka ni Simfukwe na dada ni Namfukwe, hivyo ukisikia jina tu unajua nani hawezi kumwoa nani. Namfukwe alikuwa mchapakazi, mcheshi, na alikuwa na neno lililomfuata nyuma. Binti yake Ester alipokuwa mchanga, meno yake ya kwanza yaliota juu badala ya chini. Mnajua mtoto wa namna hiyo anaitwaje. Kigego. Wazee wa zamani walimwogopa kigego, walisema analeta mikosi nyumbani, na ingawa wote tunakwenda kanisani, mume wa Namfukwe alipofariki kuna waliokumbuka yale meno. Ester alikuwa amekua, msichana mzuri anayejifunza ushonaji Tunduma, meno yake yamekamilika juu na chini. Neno halikukua pamoja naye. Lilibaki pale pale.

Siku moja Namfukwe akanipigia simu. Wakati huo mtandao ulipatikana ukipanda kilimani, kwa hiyo nilijua amepanda. "Bwana Mifugo Mama," alisema, "njoo uone. Ng'ombe wangu amezaa, lakini nimezalishiwa maneno."

Nilimkuta ndama jike, mwekundu, macho makubwa, amesimama vizuri. Kwa mbali ulimi ulionekana mrefu kupita kiasi. Nikaosha mikono, nikaingiza kidole. Joto lipo. Akakivuta kidole, dhaifu lakini kwa nia. Kaakaa zima. Nikashuka kwenye meno ya chini, nikayatafuta, nikayakuta huko nyuma kabisa, yanachoma kaakaa. Taya la chini lilikuwa limeishia njiani.

"Sema tu," Namfukwe alisema.

Nikamwambia taya ni fupi, hawezi kunyonya mwenyewe, lakini kwa ndoo ataishi.

"Ataishi." Akarudia kama mtu anayeonja. "Na mkwe wangu atampokea?"

Familia iliyofuata kwenye foleni ilikuwa ya Mama Jofrey, aliyerudi kwenye foleni baada ya ng'ombe wake wa kwanza kufa, mwalimu wa kwaya, mwanamke mwenye sauti inayofika ng'ambo ya bonde. Alikuwa ameshachungulia zizini asubuhi ile, akaondoka bila kunywa maji. Hadi mchana neno lilikuwa limezunguka: kigego kimehama kitandani, kimeingia zizini. Mama Jofrey alisema hampokei ndama huyo wala mwingine yeyote kutoka nyumba ile. Kikundi kikaitisha mkutano wa Jumapili baada ya ibada, ajenda ikiwa moja, ng'ombe wa Namfukwe achukuliwe apewe mtu ambaye nyumba yake haina neno.

Namfukwe alinieleza haya akiwa anamkamua ng'ombe, hakuniangalia. "Yale maziwa ndiyo yanayomsomesha Ester cherehani," alisema. "Lakini si maziwa, mama. Wakimchukua ng'ombe, watakuwa wameandika. Nitakuwa mama wa kigego mpaka kaburini, na Ester hakuna atakayemwoa." Halafu akamlaza ndama kichwa kwenye paja lake, akampa kidole kama nilivyomwonyesha, akakishusha taratibu kwenye ndoo ya dang'a. Ndama akakohoa, akapiga chafya, akanywa. Nilisikia uchungu mkubwa kwa ajili ya wote wawili.

Usingizi ulikuwa mgumu wiki ile. Jambo moja lilinikera: taya la namna ile, fupi kiasi kile, sikuwa nimeliona Iyula hata mara moja kabla ya hapo. Nikaanza kupita nyumba za kikundi, kisingizio changu dawa ya minyoo. Nikauliza kila mahali, "Na ndama wenu wa mwaka jana yuko wapi?"

"Alikufa."

"Alikufaje?"

"Alikufa tu."

Nyumba nyingine: alikufa tu. Nilikuwa karibu kukata tamaa, mpaka babu mmoja akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya migomba. Akanong'ona kwamba ndama wao alizaliwa bila kidevu, ulimi nje. Walimzika kabla ya jua kupanda. "Tafadhali usimwambie mtu," alisema. "Watasema kwangu kuna kitu." Nilipofika nyumba iliyofuata sikuuliza tena alikufaje. Niliuliza, "Alikuwa na kidevu?" Mama wa nyumba akaangalia pembeni, akaanza kulia. Naye akaniomba nisimwambie mtu. Kumbe kijiji kilikuwa kimebeba siri moja, kila mmoja akidhani ni ya kwake peke yake. Si kila ndama alizaliwa hivyo, wengi walikuwa wazuri kabisa, na ndiyo maana kila mwenye mmoja mbaya aliamini kwamba ubaya umeanzia kwake.

Nikiwa njiani, natembeza pikipiki kwenye tope, ndipo lilinijia, na nilisimama katikati ya njia mpaka mtu wa punda akaniambia nisogee. Mitamba yote iliyopitishwa ilikuwa na baba gani? Meneja. Na ilipokua ilipelekwa kwa dume gani? Meneja. Hakukuwa na mwingine. Kila ndama aliyefungwa kitenge na kuimbiwa alikuwa binti yake, na kila binti alirudishwa kwake. Ule upendo wote wa kupitishana ndama ulikuwa umezungusha damu ileile, nyumba kwa nyumba, mpaka ikakutana na yenyewe.

Kujua ni kitu kimoja. Kwenda kumwambia Mzee Haonga ni kingine. Huyu ndiye aliyenifundisha kuosha mikono. Nilimkuta na brashi yake, Meneja amefumba macho kwa raha. Nilimweleza polepole, sikuruka kitu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamshika Meneja puani, akamfungua mdomo. "Weka kidole."

Nikaweka. Meno yalikuwa yamekaa sawasawa, yanagota kwenye ufizi kama kifuniko kwenye sufuria.

"Mdomo mzuri kuliko wangu," alisema, na kweli, yeye alikuwa amebakiwa na meno machache.

"Mzuri, baba," nilisema. "Lakini ana kitu kimejificha damuni. Kwake peke yake hakionekani. Akimpa binti, kwa binti hakionekani. Kikikutana na mwenzake tumboni, ndipo kinatoka nje."

Aliendelea kumsugua dume, mgongo, ubavu, mgongo tena. "Nyumba ngapi?" aliniuliza. Nikamtajia bila majina, nilikuwa nimeahidi. Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo hawa wakwe wote," alisema, "ni ndugu." Akaiweka brashi juu ya mti wa zizi, kwa uangalifu, kama mtu anayeweka kitu asichokusudia kukichukua tena.

Jumapili watu walikaa kwenye baraza la ghala la kahawa, wengine juu ya magunia matupu. Namfukwe alikaa peke yake pembeni, nafasi pande zote mbili, na alikuwa amevaa nguo yake nzuri kuliko zote. Mwenyekiti akasoma ajenda. Mama Jofrey akasema alilosema, kwa sauti ile, kwamba hana ugomvi na mtu ila anaogopa kwa ajili ya nyumba yake. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusimama na maelezo yangu ya chuo. Mzee Haonga akanishika bega, akasimama yeye.

"Namfukwe, mwanangu," alisema. "Nikuulize jambo la kwenu. Simfukwe anaweza kumwoa Namfukwe?"

Namfukwe akashtuka. "Hapana, baba. Ni dada yake huyo."

"Na hata wasipojuana? Mmoja amezaliwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwingine hapa?"

"Jina likitajwa tu, wanaachana. Ni mwiko."

"Sawa. Basi nisikilizeni." Akavua kofia. "Meneja ameoa binti zake. Binti zenu wote, mliowafunga vitenge mkawaimbia, ni ukoo mmoja, na tumewarudisha kwa baba yao. Hakuna aliyeroga, hakuna mwenye neno nyumbani kwake. Kama mnatafuta mwenye kosa, mshenga ndiye mimi. Kila mmoja wenu aliniletea ng'ombe, nikafungua lango, nikasema karibuni."

Kuna waliocheka, kwa sababu ya neno mshenga. Mzee akaendelea, taratibu tu: "Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakukosea. Humu ndani kuna watu wamezika ndama alfajiri. Siwataji. Lakini leo mnataka kumnyang'anya mwenzenu kwa sababu yeye hakuzika. Alimwita Bwana Mifugo Mama mchana kweupe, akamnywesha kwa ndoo. Kosa lake ni kwamba hakuficha?"

Nasikia bado kuku waliokuwa wakiparura maganda ya kahawa. Yule babu wa migomba ndiye aliyesimama kwanza, akasema, "Kwangu yuko mmoja." Kisha yule mama aliyelia. Halafu Mama Jofrey. Sikuwa nimefika nyumbani kwake, nilimwogopa kidogo, na sikujua. Alisimama, na mwanamke mwenye sauti ile tulilazimika kuinama ili tumsikie. "Wangu yuko nyuma ya mikahawa," alisema. "Nilidhani ni mimi. Nilipomwona wa Namfukwe nikasema, kumbe ni yeye, nikashukuru Mungu. Nisameheni." Akavuka baraza lote, akakaa kwenye ile nafasi kando ya Namfukwe. Ajenda haikupigiwa kura. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mengineyo, watu wakaondoka.

Meneja tulimhasi wiki ileile. Mzee alikataa mtu mwingine amshike kichwa. "Mimi amenizoea," alisema, "na wewe bedizo unaijua, nilikufundisha mwenyewe." Ni koleo kubwa tu, halikati ngozi, lakini dume anajua limefanya nini. Nilipolifunga, Meneja alinguruma mara moja, na Mzee alikuwa ameegemeza paji lake kwenye paji la dume, macho yamefumbwa. Sijawahi kuiona kazi yangu ikiwa nzito kama siku ile. Meneja akawa maksai, akalima mashamba ya watu kwa miaka, tumbo mbele vilevile. Dume mpya tulimtoa kwa mfugaji wa upande wa Mbozi Mission, baada ya mimi kuuliza ukoo wake mpaka mwenyewe akaniuliza kama nina binti wa kuoza.

Ndama wa Namfukwe aliishi. Aliitwa Vumilia. Majani alikatiwa mafupi, alikula akidondosha nusu, alikua kwa shida na hakupandishwa kamwe. Ester alipopata mchumba, kijana wa Nakonde mwenye heshima zake, Vumilia ndiye aliyechinjwa harusini. Nyama ilikuwa laini, na hakuna mgeni aliyeuliza habari za meno, ya ng'ombe wala ya bibi harusi. Mzazi wa upande wa bwana harusi aliinuka na sahani yake, akasema kwa lugha ya kwao, "Chawama, mukwai," yaani ni nzuri, waheshimiwa, tukacheka wote.

Na Iyula walibadilisha sherehe yao wenyewe, mimi sikuwaagiza. Tangu wakati ule ndama akipitishwa, kabla ya kitenge na kabla ya wimbo, anayepokea anaosha mikono mbele ya watu wote na kumpa ndama kidole. Halafu anauliza, "Ukoo gani?" Anayetoa lazima ataje dume, na dume huyo anatoka wapi. Wakiridhika, ndipo wanaitana wakwe. Mara ya kwanza kufanyika hivyo ilikuwa ng'ombe wa Namfukwe alipozaa tena, jike, kwa dume mpya, na aliyepokea ni Mama Jofrey. Mzee Haonga alihudhuria. Alikaa mbele, na aliondoka na maandazi mfukoni mwa lile koti. Tumeshamzika Mzee. Namkumbuka kila ninapofungua bomba la maji.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini wiki iliyofuata baada ya ninyi kuniaga, nikiwa nyumbani Vwawa naitazama saa yenu ukutani, nilisikia hodi. Namfukwe alikuwa langoni, nywele zimeshakuwa nyeupe, na nyuma yake Mama Jofrey. Katikati yao ndama jike, mweusi mwenye baka jeupe, kitenge shingoni.

Niliwaambia wamekosea nyumba, mimi si mwanachama. Mama Jofrey akasema nisiwachoshe, wametoka mbali. Namfukwe alinyoosha tu kidole kuelekea kwenye bomba. Nikaenda nikaosha mikono. Kidole kikaingia pembeni mwa mdomo, kama siku ya kwanza: joto, kaakaa zima, meno yake yamekaa mahali pake. Akakivuta kwa nguvu zote.

"Ukoo gani?" niliuliza.

"Baba yake ni wa mbali, upande wa Momba," Namfukwe alisema. "Mama yake ni wa kwangu. Manyoni kwenu hawana hata ndugu mmoja. Tumeuliza."

Nilitaka kujibu, lakini machozi yalikuwa yanashuka, mkono mmoja umeshika kamba, na kidole cha mkono wa pili bado kinanyonywa. Mama Jofrey akasogea, akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Pole," alisema. "Tumechelewa kufika, mkwe."